Sauti Kati ya Stesheni Mbili

Bwenini,
Jumanne, 3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Baba. Nilipokuwa mdogo nikilala kwako, ukishazima taa nilikuwa naiwasha ile redio ndogo chini ya mto, naizungusha hadi mahali pasipo na stesheni, halafu naisikiliza ile shhh mpaka usingizi unichukue. Si muziki, si taarifa ya habari. Shhh tu. Watoto wengine waliogopa giza. Mimi niliogopa watu wanaouliza maswali, na ile shhh haikuniuliza kitu.

Nimekuambia hilo kwanza ili la pili lisikushangaze sana. La pili ni kwamba kompyuta ya shule inanichagua mimi.

Kila Jumatatu asubuhi shule nzima tunakusanyika ukumbini. Mwalimu wetu wa kompyuta (tunamwita Mwalimu Chaji, maana kila akiingia darasani anauliza nani kachukua chaji yake) anawasha kompyuta ya ukumbini, anabonyeza kitufe, na projekta inaonyesha ukutani jina la mwanafunzi mmoja. Huyo anakwenda mbele kuzungumza dakika tatu juu ya kitu chochote anachokijua. Mwalimu aliiandika programu hiyo mwenyewe ili viranja waache kuchaguana wao kwa wao. Tuko wanafunzi mia tatu. Muhula huu zimepita Jumatatu tatu, na zote tatu limetoka jina langu.

Mara ya kwanza nilisimama mbele, mdomo ukafunguka, sauti haikutoka. Mara ya pili nilisoma karatasi. Safu ya mbele walisikia, nafikiri, kwa sababu ndio waliocheka. Nilimaliza haraka mno hadi Mwalimu Chaji akabonyeza tena kupata mtu wa kujaza muda, akatoka kiranja wa maktaba. Jana nilijificha zahanati nikisema kichwa kinauma. Baadaye kikauma kweli.

Jirani yangu wa dawati tunamwita Spika, kwa sababu hata akinong'ona mlinzi wa getini anageuka. Ana wivu hadi anakaribia kulia. "Mimi nina hotuba nane kichwani," ananiambia, "halafu mashine inakutafuta wewe, Sisimizi! Umeipa nini?" Mwalimu Chaji anasema bahati haina kumbukumbu, inaweza kurudia. Nimepiga hesabu. Uwezekano wa mimi kutoka mara tatu mfululizo ni mmoja katika milioni ishirini na saba.

Ningekuambia haya kwa simu ya matroni siku ya Jumamosi, lakini wewe mwenyewe ulisema wakati wa likizo kwamba tuandikiane barua tu. Sijui kama nilikuchosha. Mara ya mwisho nilipokupigia nilikuambia nataka kuiacha shule hii nirudi nyumbani, ukanijibu, "Hongera sana mwanangu, endelea hivyo hivyo." Nimeifikiria sana hongera hiyo.

Mwanao,
Sisimizi


Kibandani,
Jumatatu, 9 Februari

Mwanangu Sisimizi,

Marahaba. Kumbe ni wewe! Miaka yote ile betri zangu zinaisha kabla ya wakati, mimi namshuku baba yako. Nilimnunia ndugu yangu wa tumbo moja kwa ajili ya betri mbili. Sasa itabidi nikamwombe radhi, na nitamtajia mhusika.

Hukunichosha. Hiyo hongera tuiweke kando kwanza, nitakuja kuieleza. Hilo la kutaka kurudi nyumbani nimelisoma na nimelielewa. Vumilia mpaka muhula uishe, kisha tukae chini, mimi, wewe na baba yako. Hakuna atakayekulazimisha.

Kompyuta mimi sizijui. Mimi ni fundi redio, na redio ikirudia kosa lilelile kila ukiiwasha, simwambii mteja kwamba ni bahati yake. Nafungua mfuniko. Wewe mfuniko huwezi kuufungua, lakini macho unayo. Acha kujificha zahanati, kaa mbele, uitazame mashine inavyoamka.

Hapa kazi zinaendelea. Leo mteja mmoja karudisha redio mara ya pili akidai inapiga filimbi. Nimeiweka sikioni hadi shingo ikauma, haina filimbi yoyote. Nikamwambia filimbi iko kichwani mwake. Kaondoka mdomo umevimba. Watu wa siku hizi!

Andika. Barua zako nazipenda kuliko simu.

Shangazi yako,
Waya


Bwenini,
Jumanne, 17 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Nilikaa mbele kama ulivyosema.

Jumatatu ile uliyoniandikia ilinichagua tena. Nikaenda mbele, nikasema "samahani", nikarudi kukaa, na aliyejaza muda akawa tena kiranja wa maktaba, kama siku niliposoma karatasi. Hapo ndipo nilipoanza kushtuka. Kama mashine inanipenda mimi, sawa, lakini inawezaje kumpenda na yeye vilevile, kwa mpangilio uleule? Kwa hiyo jana niliwahi safu ya kwanza. Mashine ilipoamka, kona ya chini ya picha ukutani ilionyesha tarehe mosi Januari, ya mwaka ambao mimi na Spika tulikuwa bado tunajifunza kutembea. Halafu jina langu likatoka. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nikatikisa kichwa, nikabaki kwenye kiti.

Watu walipotawanyika nilimfuata Mwalimu Chaji.

"Mwalimu, kompyuta inafikiri ni mwezi wa kwanza."

"Nani anafikiria nini?"

"Kompyuta. Tarehe."

"Binti, ongea, sikusikii."

Nikaandika kwenye kiganja changu nikamwonyesha. Alikodoa macho kwenye kiganja, akakodoa ukutani, akajipiga paji la uso. "Betri ya saa! Imekufa likizoni!" Akacheka hadi akatafuta kiti. Kumbe programu yake inaanzia hesabu kwenye tarehe, kwa kuwa tarehe haijirudii. Lakini betri ndogo ya ndani ikifa na umeme ukizimwa, kompyuta inasahau siku. Kila Jumatatu inaamkia siku ileile, inaanza mahali palepale, inafika kwangu. Haikuwa inabahatisha hata kidogo. Ilikuwa inakariri.

Anasema atabadilisha betri. Nikamwambia (kwa kalamu) kwamba haitoshi, maana mwenye kuijua programu na tarehe anaweza kulijua jina kabla. Spika tayari kanibana nimpigie hesabu ni Jumatatu ipi itamtoa yeye. Tunahitaji kitu ambacho hakuna mtu anayeweza kukijua kabla hakijatokea. Nikafikiria mto wangu kwako.

Shangazi, ile shhh huwa inajirudia? Inatoka wapi? Mwalimu Chaji amesimamisha uchaguzi kwa muda, viranja wanazungumza kwa zamu, na amenipa nafasi nijaribu.

Nakuambia ukweli kwa nini nataka ifanikiwe. Si kwa ajili ya haki. Nataka mashine inisahau.

Mwanao,
Sisimizi


Kibandani,
Jumanne, 24 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Fungua kifurushi polepole. Hiyo redio ndiyo ileile uliyokuwa ukiilalia. Nimeisafisha, na waya wa pembeni nimeuchomelea mwenyewe: upande mmoja unaingia tundu la spika za masikioni kwenye redio, mwingine tundu la maikrofoni kwenye kompyuta. Usiuvute kama unavuta mbuzi.

Haijirudii. Ndani ya kila waya kuna chembe ndogo za umeme, na kwa sababu ya joto hazitulii hata redio ikiwa imekaa kimya. Zinasukumana kama watoto kwenye foleni ya bomba. Ongeza na radi za mbali sana, na takataka nyingine za angani. Ukiwa kwenye stesheni, mtangazaji anazifunika. Ukitoka kwenye stesheni, unazisikia zenyewe. Hakuna aliyezipanga, kwa hiyo hakuna wa kumwuliza zitafanya nini.

Ila chunga kitu kimoja. Kelele inaweza kuegemea upande. Mimi na baba yako tulikuwa tunarusha kizibo cha soda kujua nani ataosha vyombo, na kizibo kina tabia ya kuangukia upande mmoja. Baba yako alinuna, akasema namwibia. Tukakubaliana kurusha mara mbili. Kikianguka sawasawa mara zote mbili, hesabu hiyo tunaitupa, tunarusha upya. Kikitazama juu kwanza halafu chini, anaosha yeye. Chini kwanza halafu juu, naosha mimi. Kizibo kiegemee kitakavyo, hizo mbili zinatoka sawa. Tuliosha kwa haki tangu siku hiyo, ingawa aliendelea kununa.

Ukiiwasha niandikie inasikikaje. Niandikie kabisa, kwa maneno, kama unamweleza mtu ambaye hayupo.

Shangazi yako,
Waya


Bwenini,
Jumapili, 8 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Inasikika kama mchele unaomiminwa kwenye sinia bila kwisha. Ndivyo nilivyoikumbuka pia. Nilipoiwasha bwenini wenzangu walisema "zima hiyo mbovu", nami nikakaribia kulia kwa furaha, lakini hakuna aliyejua.

Mwalimu Chaji ameandika programu mpya. Kompyuta inasikiliza redio, na kila mara inapopima, sauti ikiwa juu ya mstari wa kati inaandika moja, ikiwa chini inaandika sifuri. Moja zilikuwa nyingi mno. Tukaweka sheria yenu ya kizibo, Mwalimu akaipenda hadi akaichora ubaoni kwa kidato cha nne, akamtaja baba yangu kama mtaalamu. Lakini kukazuka jambo la ajabu: baada ya kuweka sheria hiyo zikaanza kutoka moja, moja, moja, mistari mizima. Sheria ya kizibo inafanya kazi tu ikiwa kila mrusho haujali uliotangulia. Kuna kitu kilikuwa kinazipanga.

Ndiyo maana jana niliomba simu ya matroni nikakupigia, ingawa ulisema barua tu. Niliiweka redio karibu na simu, hapohapo ukumbini penye kompyuta. Nikakuuliza kama ni safi. Ukasema, "Safi kabisa mwanangu, safi kama maji!" Spika alikuwa pembeni yangu, akaniangalia. "Safi? Na hiyo filimbi je?"

Kulikuwa na filimbi, Shangazi. Nyembamba, ya juu, haikatiki. Matroni aliisikia. Mpishi aliyepita aliisikia. Mimi nilikuwa naisikia tangu tulipoihamishia redio ukumbini, nikadhani ni sehemu ya shhh. Wewe ndiye fundi.

Tumeipata bila wewe. Leo Spika aliibeba redio akazunguka nayo ukumbi mzima kama mtu anayetafuta kuku aliyepotea, akipiga kelele, "Ipo! Ipo! Inapungua! Imekufa!" Inatoka kwenye kile kiboksi cha umeme cha projekta. Redio ikikaa dirishani na kutumia betri, filimbi haipo, na mistari ya moja imevunjika. Tumejaribu mara nyingi. Majina hayajipangi tena. Uchaguzi wa kwanza wa kweli ni Jumatatu ya tarehe ishirini na tatu.

Nina swali moja, na naomba usinikasirikie. Ulikuwa unasikiliza? Au ulitaka tu nikate simu?

Mwanao,
Sisimizi


Kibandani,
Ijumaa, 13 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nikakifunga kibanda mchana kweupe, jambo ambalo majirani wanadhani ni msiba.

Nilikuwa nasikiliza. Niliibana simu sikioni hadi sikio likapata moto. Nilisikia kimya. Nikasema "safi" kwa sababu kimya ndicho safi ninachokijua siku hizi.

Sauti nyembamba zimenitoka, Sisimizi. Sijui zilianza lini kuondoka, haziagi. Ile shhh siisikii tena. Ndiyo maana nilikuomba uniandikie ilivyo. Na sauti yako kwenye simu ni nyembamba kama uzi, hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza kwenda. Nilikuwa nakisia. Siku ile nilikisia kwamba umefaulu mtihani, nikakupongeza. Kumbe ulikuwa unalia. Nimeibeba aibu ya hongera ile tangu ulipoiandika, na nikashindwa kuieleza, maana nani atampelekea redio fundi asiyesikia? Nikaona bora udhani nimekuchoka kuliko ujue. Nimefanya vibaya.

Juzi nilikwenda kwa daktari wa masikio. Alinivalisha vitu vya masikioni, akanipa kitufe, akasema nibonyeze kila nikisikia mlio. Nikakaa kwa utulivu nikimsubiri aanze. Alikuwa ameshafika nusu. Nilicheka, akacheka, halafu tukaacha kucheka. Lakini sauti nene bado ninazo zote. Baba yako namsikia hata nisipotaka. Na mwezi ujao nitapata kifaa kidogo cha kuvaa nyuma ya sikio. Daktari anasema nitaanza kwa kusikia vijiko.

Yule mteja wa filimbi nimemtafuta, nimemtengenezea. Ilikuwa na filimbi. Watu wa kuwaomba radhi wanaongezeka: baba yako, mteja, na sasa wewe.

Ukitaka kunipigia, piga. Usipige kelele, kelele inazidi kuwa nyembamba. Toa sauti tumboni, polepole, chini, nitakusikia.

Na neno moja la fundi. Hiyo mashine yenu haijakuahidi kitu. Mkiwa mmeitengeneza vizuri, haitakukumbuka, lakini pia haitakukwepa.

Shangazi yako,
Waya


Bwenini,
Jumatatu, 23 Machi

Shangazi wangu,

Shikamoo. Nilipoisoma barua yako nilikwenda kuketi stoo ya nyuma ya bwalo. Nilikuwa nimekukasirikia wiki nzima, na hasira ikaniishia mikononi kama barafu, nikabaki sijui nifanye nini na mikono. Kisha nikaenda kumwomba Spika anisaidie.

Tulifanya mazoezi humo stoo kila jioni. Yeye anasimama mwisho kabisa, masikio amejaza pamba na kufunga kitambaa juu yake kama mtu anayeumwa jino. Mimi nasema, "Shangazi, ni mimi, unanisikia?" Yeye anapaza sauti, "Sisikii! Hiyo ni koo! Tumbo, Sisimizi, tumbo!" Siku ya nne alivua kitambaa, akanitazama, akasema, "Hiyo sasa ndiyo sauti. Ulikuwa umeificha wapi, mwizi wewe?" Nilitaka kukupigia juzi Jumamosi, lakini matroni alikuwa amesafiri na simu yake.

Kwa hiyo leo asubuhi. Redio iliwekwa dirishani, betri mpya. Mwalimu Chaji aliongeza sauti ya spika za ukumbini ili shule nzima isikie kelele inayochagua, na ile shhh ikajaa hadi darini. Wengine waliziba masikio. Mimi nilifumba macho. Nilijua, nimepima mwenyewe, kwamba hakuna kitu duniani kinachojua nani atatoka. Spika alikuwa amenishika mkono anaomba kimoyomoyo, yaani safu tatu zinamsikia.

Mwalimu akabonyeza. Likatoka jina langu.

Shangazi, sijawahi kusikia kicheko kama kile. Walimu walicheka. Mlinzi alichungulia mlangoni. Spika aliuachia mkono wangu akasema, "Sasa hii ni dharau!" Mwalimu Chaji alinigeukia, akaniona nilivyo, akasema kwa upole kwenye maikrofoni, "Turudie? Nadhani turudie."

Nami nikaona ninachotakiwa kufanya, na sikukipenda. Nikasema, "Hapana."

"Umesemaje?"

Nikaitoa sauti tumboni. "Hapana, Mwalimu. Tukirudia kwa sababu hatukulipenda jibu, tutakuwa tumechagua wenyewe."

Walinisikia hadi nyuma. Najua, kwa sababu kicheko kilikatika kwanza huko nyuma. Nikaenda mbele. Redio ilikuwa bado inaunguruma na hakuna aliyekumbuka kuizima, kwa hiyo ilinibidi nizungumze kwa sauti ya kuizidi, na nilizungumza kama ninavyozungumza na wewe. Niliwaeleza kwamba kelele wanayoisikia ni watoto wanaosukumana kwenye foleni ya bomba. Nilieleza kwamba mashine haikuwahi kunipenda, ilikuwa inakariri, na kwamba leo haikukariri. Sauti haikutetemeka, au kama ilitetemeka, shhh iliifunika. Dakika tatu ziliisha nikiwa sijafika kwenye kizibo, na mtu mmoja wa kidato cha kwanza akauliza, "Kizibo gani?", kwa hiyo Mwalimu akaniongezea moja. Masikio yako sikuyataja. Nilisema tu kwamba redio ilitoka kwa fundi ninayemwamini.

Kuhusu kurudi nyumbani, tukae likizo tuzungumze kama ulivyosema, lakini usimwambie Baba anitandikie kitanda bado.

Matroni anarudi Alhamisi. Jumamosi nitakupigia. Pokea, hata kama kifaa hakijafika.

Baada ya mkutano nilizima redio nikatoa betri zisiishe. Nilikunja waya bila kuuvuta, nikaviweka vyote kabatini kwa Mwalimu Chaji, kisha nikaenda darasani. Tulikuwa na Jiografia. Mwalimu aliuliza swali, nikanyoosha mkono, nikajibu. Jibu lilikuwa na makosa. Alinisahihisha, nikaandika, nikakaa.

Mwanao,
Sisimizi